Dada Yetu, Mtafiti wa Jina la Pili

Ndugu waombolezaji, naomba radhi, ile karatasi niliyoanza kuwasomea kwa sauti nzito, iliyosema "tunasikitika kukujulisha kwamba maombi yako hayakukubaliwa", haikuwa historia ya marehemu, ilikuwa barua ya chuo iliyokaa bahasha moja na historia, na namwona shemeji yangu ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, sijui analia au ananicheka, ingawa ananifahamu tangu ujana wangu na hakuwa na sababu ya kutarajia tofauti.

Historia yenyewe ni hii. Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, mimi nikiwa kitinda mimba, yule ambaye wazazi walimpata wakiwa wameshachoka kurekebisha watu. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1975, na hapo ndipo alipoanza kufuga fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa mahindi, akiwaweka kwenye chupa chini ya kitanda cha mama, na mama alipopiga kelele, akajibiwa, "Mama, usiwatishe, nawahesabu."

Alihitimu shahada ya kwanza ya kilimo mwaka 1984, akaajiriwa tarehe 3 Septemba mwaka huohuo katika maabara ya hifadhi ya nafaka chuoni, akapata uzamivu mwaka 1993. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yangu huyu, mtu pekee aliyekubali kuchumbiwa huku akishikishwa chupa ya wadudu, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mvulana mwaka 1994, wapwa zangu mnaowaona hapa, wenye akili za baba, na ubishi wa mama.

Mwaka 2001 dada alikwama, kwa kuwa kila mfuko wa nafaka wa tabaka mbili aliotengeneza, fukusi waliingia, akavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani anayekaa kwenye kibaraza cha duka la madaftari, mkabala na geti la maabara, kuagiza mifuko mingine, na yule mama fundi akaugeuza mfuko, akautazama, akasema, "Dokta, unawatobolea milango kwa sindano halafu unalalamika wanaingia? Mfuko wa ndani usiushone mdomo. Ukunje mara mbili, ufunge kamba." Dada aliujaribu mkunjo ule kwa misimu mitatu, katika maghala kumi na moja, na makala ilipochapishwa Juni 2004, jina la kwanza lilikuwa la fundi, la dada likafuata.

Sasa wenzangu tusiosoma sana tuelewane, mtafiti hupimwa kwa mara ngapi watafiti wengine wanamtaja katika maandishi yao, na makala ile ilitajwa mara mia sita na kumi na mbili, ikawa fundi wetu anaandikiwa barua za kumwita Profesa, akaalikwa hata kusahihisha kazi ya uzamivu, akajibu kwamba mwezi huo ana sare za shule mbili. Mimi mwenyewe, katika kuzunguka kwangu nchi saba na kufukuzwa kazi katika nne, nilikuta mifuko ile kwenye ghala la mbali kabisa, na mtunza ghala akanieleza kwa heshima kuhusu mwanasayansi mkubwa aliyeibuni, nikamwambia namjua, ndiye anayenipunguzia suruali, na tangu hapo hakuniamini tena kwa lolote.

Barua niliyowasomea kwa bahati mbaya ni ya tarehe 14 Novemba 2019, na inasema kwamba hesabu hiyo ya kutajwa ni ya mwandishi wa kwanza, ila waandishi wakikubaliana kubadili mpangilio wa majina, chuo kitaangalia upya ombi la dada la kuwa Profesa. Niliyemsihi asaini mabadiliko hayo ni mimi, nakiri, hata kalamu nilimshikisha, na fundi mwenyewe akaja kumwambia, "Weka lako mbele, Dokta, mimi hilo jina litanishonea nini?" Dada akamuuliza, "Nikilihamisha jina, na mkunjo nao nitauhamisha?" Barua ikarudi kwenye bahasha.

Alianza kuugua figo Januari 2024, akalazwa tarehe 22 Aprili, akafariki tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono. Tunamshukuru daktari wake, wauguzi wa wodi namba nne waliovumilia vichekesho vyangu, majirani waliokesha nasi, wenzake wa maabara, wakuu wa chuo mlioketi mbele, na fundi, aliyefunika cherehani siku tisa ili kukaa naye.

Pumzika kwa amani, dada, chupa zako nimezikagua, fukusi wote wazima, wanakula.

Nilikusudia kumalizia kwa kumtangaza Profesa hapa mbele ya wakuu wake, na siku mbili kabla hajatutoka nilimweleza mpango huo, akafumbua jicho moja, akanitazama.

"Mfuko aliubuni fundi. Soma hivyo, kisha ukae."