Kumuaga Thadeus Ondieki, Tabibu wa Mbwa na Paka

Tarehe 30 Juni 1978, Bwana Thadeus Ondieki atarudisha funguo za stoo ya dawa baada ya miaka kumi na saba katika kazi ya mifugo hapa Kisii. Aliajiriwa mwaka 1961 kuhudumia ng'ombe, na kweli amewahudumia. Lakini kutoka Keumbu mpaka Nyamira, watu wanamjua kwa mbwa na paka, wanyama ambao zamani hakuna aliyefikiria kuwatafutia daktari.

Alianza kwa kosa, na yeye mwenyewe ametuagiza tusilifiche. Mwaka 1963 Mama Ubah, mke wa mfanyabiashara Warsame wa mjini, alimletea paka aliyejaa viroboto. Thadeus alimwogesha kwa dawa ya kupe wa ng'ombe. Paka akajilamba manyoya, na kufika jioni alikuwa amekufa. Thadeus angeweza kunyamaza, kwani paka hufa kwa mambo mengi. Badala yake alikwenda dukani, akavua kofia.

"Mama, paka wako nimemuua mimi. Dawa ilikuwa kali."

Mama Ubah akamwambia, "Basi jifunze, usiue wa mwingine."

Alijifunza. Kila aliyeajiriwa hapa, nikiwemo mimi, alisimuliwa habari za paka huyo kabla ya kuruhusiwa kugusa chupa hata moja. Tangu hapo viroboto wa paka aliwaondoa kwa kitana chenye meno yaliyobanana na maji ya sabuni, na matandiko akaamuru yaanikwe juani. Makovu ya kucha mikononi mwake ni ushahidi tosha.

Kisha kuna habari ya kijiji cha Birongo, mwaka 1968. Watoto wanne wa mbwa, vilebu wa Mama Eucabeth, walikufa mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja. Eucabeth alimshuku jirani yake Nyanchama, ambaye kuku wake walikuwa wameliwa na mama wa vilebu hao. Neno sumu likatajwa sokoni. Wanawake hao wakaacha kusalimiana hata kanisani, na waume zao wakaanza kutazamana vibaya kwenye mpaka wa mashamba ya chai.

Thadeus alikuwa amekwenda kuchanja ng'ombe. Aliomba kumwona kilebu aliyebaki: tumbo kama ngoma, mbavu zinahesabika. Akamnywesha dawa ya minyoo, akamfungia kibandani. Kesho yake asubuhi akarudi, akawaita majirani wote wawili. Sakafuni palijaa minyoo myeupe iliyojikunja kama tambi.

"Sumu yenu ndiyo hii," alisema. "Wameipata kwa mama yao."

Eucabeth aliinamisha kichwa. "Nyanchama, nilikusema vibaya mbele za watu."

"Basi unisafishe mbele za watu hao hao."

Jumamosi iliyofuata, siku ya ibada ya Wasabato, Eucabeth alisimama kanisani, akamsafisha. Kilebu aliishi. Thadeus alimpa dawa na mama yake, akarudi baada ya wiki mbili kurudia, akafundisha boma zima kufukia kinyesi cha mbwa, akawazoesha watoto kunawa mikono, maana minyoo ile huweza kumwingia hata mtu.

Habari zilienea. Siku za soko Nyakoe, watu walianza kumletea mbwa kwa kamba za mkonge. Akazoea mno: hata kwenye harusi, akiwa na suti, hakuweza kumpita mbwa bila kumfunua sikio kutafuta kupe. Bibi harusi mmoja alimsubiri kwenye picha hadi akanawa.

Bwana Thadeus, mkeo Drusilla ametuambia kwamba nyumbani kwenu Keumbu hakujawahi kufugwa mbwa, kwa kuwa wa wenzako walikumaliza siku. Sasa siku ni zako. Wafanyakazi wenzako tumekuchagulia zawadi: kilebu wa kike, mweusi, miguu myeupe. Ameshakunywa dawa mara mbili.

Asante kwa yote. Ishi salama, ule matunda ya shamba lako, na uamke utakapopenda.

Persis Nyamweya, karani