Nesi Felisita Luhende, Aliyekuwamo Ndani ya Datsun

Mama tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, alizaliwa hapa hapa Ngulyati tarehe 12 Machi 1953, mtoto wa pili wa Mzee Luhende na Bibi Malimi, wakulima wa pamba na mahindi. Bibi Malimi alizoea kusema kwamba Felisita hakuwa mtoto wa kulialia, ila akichokozwa mara ya tatu, mji mzima ulijua.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1962, akiwafungulia ndama kwanza ndipo akimbilie kengele. Alipomaliza darasa la saba, posa ilikuwa imekwisha kufika nyumbani. Alimwomba baba yake wageni wale warudi walikotoka, na Mzee Luhende, baada ya siku mbili, akakubali. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972, akasomea uuguzi na ukunga mjini Mwanza, akahitimu Desemba 1975.

Kazi aliianzia Bariadi mwaka 1976. Kuanzia 1980 alikuwa zahanati ya Kimali, Meatu, na mwaka 1987 akahamishiwa Migato. Huko wajawazito walioshindwa kujifungua walipelekwa hospitali kwa baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe, na wengine hawakufika. Nesi Felisita alichoka kuwasindikiza kwa macho. Mwaka 1991, mhandisi mmoja wa maji alipokuwa anahama, mama alinunua kutoka kwake Datsun 120Y ya kijani, gari dogo la kawaida kabisa ambalo siku zile lilikuwa kila mahali. Alijifunza kuendesha katika uwanja wa mpira. Watoto watatu walizaliwa katika kiti cha nyuma, na wote walifika hospitali wakiwa wazima pamoja na mama zao. Kwake gari lile lilikuwa chombo cha kazi, kama mkasi wa kukatia kitovu. Alirudishwa Bariadi mwaka 1998 na kustaafu Machi 2013.

Alifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1978 na Nyanda Machibya, karani wa chama cha ushirika cha pamba, mtu mpole ambaye hakuwahi kushika usukani. Wanaume walipomsifia gari lake, aliwaonyesha mkewe kwa kidole na kusema, "Mwenyewe huyo hapo." Wengi walidhani anatania. Mzee Nyanda alifariki mwaka 2004.

Kadiri Datsun nyingine zilivyozidi kupotea barabarani, ndivyo hii ilivyozidi kusimamishwa. Sokoni, kanisani, sheli, mtu asiyemjua alikuja akapapasa boneti, akainama kuchungulia dashibodi, akaanza kusimulia habari za baba yake. Mwanzoni mama aliwasikiliza. Baadaye alikuwa na swali lake. Mtu akimwita mama kwa Kisukuma na kusema, "Mayu, baba yangu alikuwa nalo kama hili," yeye alijibu, "Na mama yako alijifungulia wapi?" Walicheka, wakapiga picha, wakaondoka. Jibu alilipata mara chache sana.

Jambo hili lilimchoma kuliko alivyotaka watu wajue. Alimwambia binti yake Winnie, anayesoma wasifu huu, "Miaka thelathini na saba nimezalisha watu, halafu wananipungia mkono kwa sababu ya bati." Mwaka 2017 alitangaza kwamba analiuza. Walikuja wengi, wakalisifu, wakamsihi asithubutu kuliuza, wala hakuna aliyeondoka nalo. Akaendelea kuliendesha kwa hasira.

Mei 2025 alianza kusumbuliwa na tumbo. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ini, akapewa rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa Mwanza, Alhamisi tarehe 14 Agosti. Kitindamimba wake, Danford, ndiye aliyeendesha. Walipoipita Lamadi, gari kubwa jeupe liliwafuata likiwawashia taa. Danford alidhani tairi limepasuka, akasimama pembeni. Aliyeshuka alikuwa mzee mwenye suti, mchangamfu, mwenye heshima zake. Alitaka tu kuliona gari. Alilizunguka, akampigia kaka yake simu ya video, kaka naye akaomba aonyeshwe injini. Danford alilelewa kuheshimu wakubwa, akafungua boneti. Mama alikuwa amekaa mbele, ameshikilia tumbo kwa mikono yote miwili.

Mwishowe alishusha kioo na kusema, "Baba, mimi ni mgonjwa, ninawahi hospitali."

Yule mzee alimpa pole kwa dhati, akaomba picha moja ya mwisho.

Walifika kadi za kumwona daktari siku hiyo zimekwisha, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Njia nzima ya kurudi mama hakumlaumu Danford. Walipokaribia Bariadi alisema: "Gari wanaliona. Mtu yumo ndani, hawamwoni."

Familia inataka kusema kwa haki kwamba daktari alitueleza baadaye kuwa wiki zile mbili zisingebadilisha kitu. Mama alielezwa hivyo hivyo. Alimshukuru daktari, lakini hakuridhika, na sisi hatutamsemea kwamba aliridhika. Kwa safari zilizofuata alimwagiza Danford aandike karatasi na kuibandika kioo cha nyuma: MGONJWA YUMO, TUPISHENI. Watu waliipenda. Walidhani ni msemo, kama ile misemo ya kwenye malori, nao wakaipiga picha.

Kuanzia Desemba hakutoka tena kitandani. Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa tarehe 30 Januari, na Jumanne tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake Bariadi, dada yake Philomena akiwa amemshika mkono.

Tangu msiba uanze tumepokea wageni wengi, na tunawashukuru. Lakini hatuwezi kuficha kwamba wapo walioanza kuuliza gari litabaki kwa nani kabla ya kuuliza mama aliugua nini. Mtoto wake wa kwanza, Justine, amewajibu kwa upole kadiri alivyoweza.

Juzi alifika bibi mmoja kutoka Meatu, Bibi Mwatima, ambaye mumewe alikuwa mwalimu Kimali miaka ile ya themanini. Alikuwa amebadilisha magari mawili na miguu imemvimba. Alipita uani palipoegeshwa Datsun, akauliza kwa ukali kidogo ni nani ameacha gari njiani namna ile, waombolezaji wapite wapi. Aliingia ndani, akaketi mkekani karibu na Philomena. Alisema mwaka 1983 alikaa na uchungu siku mbili, na Nesi Felisita hakubandua mguu chumbani mpaka mtoto akalia. Mtoto huyo sasa ana wajukuu wawili.

Winnie alimuuliza kama alijua kwamba lile gari la uani lilikuwa la mama.

"Kumbe alikuwa na gari?" akasema Bibi Mwatima. Kisha akaendelea na habari za ule uchungu, mwanzo hadi mwisho, nasi tukakaa kumsikiliza.

Marehemu ameacha watoto watatu, Justine, Winnie na Danford, wajukuu saba, dada yake Philomena, na watu ambao hesabu yao yeye mwenyewe aliiacha njiani, waliofika duniani kwa mikono yake. Mungu amwite kwa jina lake, na apumzike kwa amani.