Kofia Kwenye Mlango wa Jiko

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza kila kilichovunjika katika nyumba hii ya kutunzia wazee, fundi wetu anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Fundi Subiri, maana hata ukimwambia nyumba inaungua, atakuambia usubiri kwanza aangalie. Mimi mpishi nimeombwa nimwandikie wasifu. Aliyeniomba hakujua kwamba mtu huyu nusura aniue.

Alianza kama kibarua wa kupaka rangi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa matengenezo. Ameziba mapaa, amezibua masinki, na kiti cha magurudumu cha bibi wa chumba cha nne amekitengeneza mara nyingi hadi tukashuku kwamba bibi anakiharibu makusudi apate mtu wa kupiga naye soga.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, wajenzi waliongeza ghorofa juu ya chumba cha kufulia, kilichopakana na jiko langu la kuni. Ili vumbi na vipande vya matofali visiniangukie kwenye sufuria, Fundi Subiri alipanda juu akaziba bomba la moshi kwa gunia. Ulikuwa wema mtupu. Wajenzi walipoondoka, akaitwa mbiombio kwenye bomba la maji lililopasuka, na gunia likamtoka kichwani. Kesho yake nikawasha jiko. Moshi wote ulirudi ndani. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa uani, naye ananipepea kwa kofia yake huku analia kama mtoto.

Watu wote waliwalaumu wajenzi. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini alipanda paani, akashuka na gunia mkononi, akamwambia mkurugenzi mbele yetu kwamba kosa ni lake. Jioni akaandika barua ya kuacha kazi. Niliposikia, niliinuka kitandani na kikohozi changu nikamfuata, nikamwambia hawezi kunijaza moshi kifuani kisha akakimbia. Kwanza anitengenezee bomba!

Akalitengeneza. Kumbe mtikisiko wa ujenzi ulikuwa umelilegeza kwenye maungio, na ukuta mpya umelizidi urefu, kwa hiyo hata bila gunia moshi ungerudi tu. Aling'oa lote, akafunga jipya la chuma linalopita juu ya ukuta. Moto wa kwanza aliwasha mwenyewe, akaulinda kutwa nzima, na mimi nikakatazwa kuingia jikoni mwangu. Moto wa pili niliwasha mimi, kwa ile barua yake ya kuacha kazi.

Tangu hapo akaweka sheria: akigusa bomba, anatundika kofia yake kwenye mlango wa jiko. Kofia ikiwepo, hakuna kuwasha, hata aje mgeni gani.

Sasa, chai ya sherehe hii imechelewa, na minong'ono nimeisikia. Msinilaumu. Asubuhi nimekuta kofia mlangoni, nikavuta kigoda nikasubiri. Baada ya saa nzima Fundi Subiri akashuka kutoka paani na suti yake ya sherehe, masizi hadi masikioni, akasema bomba ni safi. Nilipompa kofia yake akaikataa. Alisema ibaki hapa, atakayemfuata ataihitaji.

Asante, kaka. Kifua changu kingali kizima, na kila pumzi nakukumbuka. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na furaha. Kofia nimeitundika kwenye msumari wa ukutani, si mlangoni, na moto unawaka.