Kiti cha Dokta Buti

Nje ya ukuta wa chuo kikuu, kando ya muuza kahawa, lilikuwapo benchi lenye wenyewe. Wiki moja baada ya mazishi ya Dokta Buti, aliyepewa jina hilo kwa viatu vyake virefu vya mpira, nafasi yake ilikuwa bado haijakaliwa. Pembeni yake Pointi, mhadhiri mwenye kupenda kuhesabu pointi za kupandia vyeo, alishika kikombe asinywe. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na makala ya utafiti ya kumwokoa hakuwa nayo hata moja.

Waya, fundi wa kompyuta wa chuo, ndiye aliyeanza.

— Marehemu katoa makala nyingine. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, yeye na wenzake wa ng'ambo.

— Inahusu nini? akauliza Mkutubi, mama wa makamo.

— Nilisoma majina tu.

— Maiti ananipita mbio, akasema Pointi.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema Mkutubi.

— Methali hiyo imeingiaje hapo, mama?

— Imeingia kwa miguu yake. Mwenzio hakuwachelea wageni.

— Nami niliwaandikia mpaka vidole vikafa ganzi. Hawajibu.

— Wana mashine, akasema Waya. Ikinusa shida, barua inakwenda jalalani.

— Wanachotaka ni damu na mkojo wetu tu, wakapime kwao, akasema Mkutubi.

— Mimi nasikia kuna profesa wamemfungia chini ya ardhi, akasema Waya. Yeye anaandika, wao wanakodi majina ya kubandika juu.

— Basi na langu walikodi, akasema Pointi.

Akatokea binti wa marehemu, bado kajifunga kanga ya msiba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Pole.

— Nimeshapoa. Wenzake baba wa ng'ambo wamepiga simu. Wanatafuta mtu wa hapa anayeijua kazi aliyoiacha baba, waimalize pamoja, na jina la mtu huyo liandikwe. Nikawaambia, watu wake ni wa benchini.

Pointi akaweka kikombe chini.

— Ni mimi, akasema.

— Afadhali, baba mdogo. Wanataka kwanza uwaeleze alikuwa anatafiti nini. Hata mama angependa kujua.

Pointi akamtazama Waya. Waya akamtazama Mkutubi, naye akainamia kikombe chake. Miaka yote hiyo walizungumzia mishahara, mpira, maradhi ya mkuu wa idara. Buti alikunywa, akacheka nao, akaenda zake; hakuna aliyemuuliza anakwenda kufanya nini.

Binti akakaa kwenye nafasi ya baba yake, akatoa kalamu.

— Anza popote tu, baba mdogo. Nitaandika.