Mkono Mtulivu Aliitwa Akiwa Kitandani

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale baadhi yenu mtakapoinamisha vichwa.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mkono Mtulivu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akajifunza useremala katika karakana ya mjomba wetu, ambako alifanya kazi hadi alipougua, akiunda milango na vitanda ambavyo wengine wenu mmeamkia leo. Mwaka 2006 alimwoa wifi yangu huyu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wamekaa hapa mbele yenu.

Mchezo wa pool aliuanza mwaka 1999, kama burudani ya baada ya kazi, katika ukumbi ulio nyuma ya karakana. Siku moja nilimfuata huko kumwambia kwamba mama ameanguka, nikasimama mlangoni, nikaona wanaume wamejipanga ukutani na juu ya kreti za soda, hakuna aliyekohoa, naye akiizunguka meza taratibu kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga, akainama, akaupiga mpira mweupe, ukagusa kingo mbili, ukarudi kuusukuma ule mweusi shimoni kwa upole, nanyi wa ukumbini mkapiga kelele paa likataka kung'oka. Sikatai, ilikuwa raha kumtazama. Lakini nilipogeuka kuwatazama nyinyi, sikuona hata mmoja aliyekuwa akimwangalia yeye, macho yote yalikuwa kwa yule aliyeshika dau.

Mliwekeana dau la pikipiki, mkawekeana viwanja, na mmoja wenu aliweka nyumba ambayo mkewe alikuwa akipika ndani yake. Aliposhinda mlimpa soda na sifa, na sifa hazichemshi sufuria, aliposhindwa mlimtukana mbele ya watoto wake.

Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, daktari akamkataza kazi nzito na kusimama muda mrefu, nanyi mlijua, kwa maana mlikuja kumpa pole. Hata hivyo, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa tisa mchana, alipofika mchezaji mgeni aliyetaka kupambana naye, yule mnayemwita Mwenyekiti wa ukumbi alikuja nyumbani. Wifi alimzuia mlangoni, akamwambia, "Shemeji, huyu hawezi hata kushika kikombe."

Mwenyekiti akajibu, "Fimbo si nzito, mama watoto, na watu wameshaweka dau, unataka tuaibike?"

Ndugu yangu alisikia yote akiwa kitandani, akaomba shati, akasema, "Nisipokwenda watasema nimemwogopa."

Alicheza akiegemea meza, na ilipobaki mipira miwili alianguka. Hapo ndipo mlipoanza kubishana, wengine mkidai mchezo umevunjika na dau lirudishwe, wengine mkisema aliyeanguka ameshindwa, mtu yuko sakafuni midomo imekauka. Aliyetupa fimbo akambeba mgongoni ni yule mgeni, akakimbia naye barabarani, akasimamisha gari la mikate. Ndugu yangu alifariki hospitalini Jumanne tarehe 9, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku tatu, dereva wa gari la mikate aliyeacha njia yake, majirani waliolala nasi, na mafundi wa karakana waliolitengeneza jeneza hili bila kutaka chochote. Tunamshukuru pia mgeni yule, ambaye tumemwomba ashike jeneza upande wa mbele.

Ninyi wa ukumbini, shada lenu lililoandikwa "Bingwa Wetu" liko nje ya geti, mtalikuta mkitoka. Machozi yenu hatuyakatai, lieni, lakini msisogelee jeneza. Hamkumbeba alipokuwa anapumua, hatuwahitaji mumbebe leo.

Nawe mdogo wangu, pumzika, hakuna tena atakayekuja kukuita.