Mwalimu Bado na Muhuri wa Zambarau

Wasikilizaji wapendwa, msihangaike na vitufe vya redio zenu. Redio ni nzima. Sauti inayokwaruza ni yangu. Tangu tutoke mazikoni nina kinyaa kimenikaa kooni, na sitakificha, kwa sababu huyu tunayemkumbuka leo hakuwahi kumficha mtu kitu.

Amefariki mwalimu wa darasa la pili. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na figo ndizo zilizomwangusha. Amefundisha darasa la pili miaka ishirini na sita. Narudia kwa mliochelewa: miaka ishirini na sita, darasa la pili. Hakutaka la saba, hakutaka ofisi. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu Bado, na wengi wetu hatukumwita hivyo kwa mapenzi.

Hapa mezani nina barua ya rambirambi kutoka shuleni kwake. Nitawasomea, lakini siyo sasa. Nikiisoma sasa nitachefuka, na kipindi kitaishia hapa hapa.

Tuanze alikoanzia. Dada yake mkubwa ni fundi cherehani. Nilimkuta kibarazani kwake anafumua pindo la sketi ya shule, akanisimulia bila kuinua macho. Namnukuu: "Mdogo wangu alifika darasa la tano hajui kusoma. Unanielewa? Hajui. Mimi namsomea ukurasa, yeye anaushika kichwani, kesho yake anausema darasani kama maji. Mwalimu anapiga makofi. Ripoti inaandikwa, hodari. Mama anaitembeza ripoti kwa majirani."

Basi siku moja mama yao akashikwa na homa. Huyu dada alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Mama akampa mtoto wake hodari chupa ya dawa. Nisomee mwanangu, vijiko vingapi? Mtoto akaishika chupa, akaigeuza, akavuta pumzi. Kisha akaanza: "Paka wetu ana mkia mrefu. Paka wetu anapenda maziwa."

Mama alicheka. Alidhani ni utani. Halafu akamtazama usoni, kicheko kikakatika.

"Hakumpiga," dada yake aliniambia. "Alimtazama tu. Mdogo wangu alisema mpaka anakua kwamba afadhali angechapwa."

Huyo, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu. Mwaka ule ule alianza upya, a e i o u, msichana mrefu na miguu yake imejaa dawati, vitoto vya darasa la kwanza vikimcheka. Mwishowe akajua kusoma. Akaapa, na kiapo chenyewe alikitamka mbele ya dada yake, kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake akimsomea chupa ya dawa habari za paka.

Kwa hiyo kila mwisho wa muhula alikuja darasani na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na takataka, maana sisi tuliziita takataka. Boksi la majani ya chai. Karatasi ya sabuni. Tiketi ya basi. Karatasi ya dawa ya mbu. Mtoto anatia mkono, anatoa chochote, anasoma. Akisoma, kwenye ripoti anaandikiwa "Tayari." Asiposoma, anaandikiwa "Bado." Na chini yake mwalimu anaeleza mtoto amekwama wapi. "Bado. Mbwa anamsoma bawa." "Bado. Anaruka ng'." Mtoto mmoja aliandikiwa, "Bado, lakini wiki mbili tu." Na kweli, dada wa mwalimu anasema, ilikuwa wiki mbili.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu hapa ndipo uchafu unapoanza.

Miaka mitatu iliyopita shule ilipata mwalimu mkuu mpya. Mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuja na muhuri. Siyo muhuri wa shule, ule ulikuwepo. Huu ni muhuri mwingine, aliutengenezesha mwenyewe, wino wa zambarau. Umeandikwa hivi: AMEFAULU. AONGEZE BIDII. Basi, ndiyo ripoti. Darasa lina watoto sabini na wanne, na ripoti sabini na nne zinagongwa ndani ya dakika kumi. Ko, ko, ko! Mtoto anayesoma, ko! Mtoto anayeshika kitabu juu chini, ko! Kwenye ubao wa matangazo wakabandika: Kusoma, asilimia mia.

Asilimia mia! Hivi jamani, hata sahani ukiiosha mara tatu utaipata safi asilimia mia? Lakini wazazi tulipita pale tukisoma ubao na kutabasamu. Tulivikwa kilemba cha ukoka, na tukakirekebisha vizuri kichwani ili kitukae.

Mwalimu Bado aliukataa muhuri. Aliambiwa mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa barua. Akaendelea na kalamu yake.

Nawasogeza kwenye siku ya kufunga shule, mwaka juzi. Turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga yowe. Mshereheshaji alikuwa nani? Nilikuwa mimi. Ndiyo, mimi mtangazaji wenu. Na aliyechaguliwa kuonyesha mafanikio ya darasa la pili alikuwa binti yangu. Nyumbani tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupumziki.

Chiriku akasimama na kitabu. "Gari la mjomba ni jekundu. Mjomba analiosha gari lake kila siku." Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Makofi! Mimi kifua mbele, karibu vifungo vya shati vikatike.

Mwalimu Bado akanyanyuka kwenye kiti chake. Alikuja polepole, akampokea Chiriku kitabu, akatoa karatasi ya sabuni mfukoni mwake. Akasema, "Mama, nisomee na hii." Kwa upole tu. Mwanangu akaitazama karatasi ya sabuni. Akanitazama mimi. Akaitazama tena karatasi. Halafu akasema, kwa sauti nzuri kabisa: "Gari la mjomba ni jekundu."

Mngefanya nini nyinyi? Baba mwenye akili angeshuka pale akamkumbatia mtoto. Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasema, na maneno haya nayarudia leo ili nyote mnijue: "Jamani, Mwalimu Bado! Huyu hata aliyekuja kumposa alimjibu bado, na mpaka leo bado!"

Turubai zima lilicheka. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akajifuta macho. Mwalimu Bado aliikunja karatasi ya sabuni mara mbili, akairudisha mfukoni, akaenda kukaa.

Aka! Nimeshika kipaza sauti miaka kumi na tisa, na sijawahi kusema kitu kichafu kuliko hicho.

Ripoti ya Chiriku tulikuja nayo nyumbani. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: "Bado. Amekariri. Anakwama kwenye mbw na nyw. Nipeni muhula mmoja." Nipeni muhula mmoja. Aliomba hicho tu, wasikilizaji, muhula mmoja wa kumfundisha mwanangu.

Hatukumpa. Wazazi tuliandika barua kwamba mwalimu huyu anavunja watoto moyo na anaiaibisha shule. Niliweka sahihi wa kwanza, tena kwa mbwembwe, na mkia wa sahihi nikauzungusha. Wiki ya kwanza ya kufungua shule akanyang'anywa darasa, akakabidhiwa funguo za stoo ya vitabu. Miaka ishirini na sita ya kufundisha, halafu anahesabu madawati yaliyovunjika miguu! Chiriku akapewa mwalimu mwingine, na muhula ulipokwisha akaja na ripoti nzuri ya zambarau. Niliibandika kwenye friji.

Mwalimu Bado alikaa stoo miaka miwili ya mwisho wa maisha yake. Nilidhani alikuwa amekaa tu.

Kumbe! Wakati wa mapumziko watoto walikuwa wanakwenda wenyewe. Mlango wa stoo uliachwa wazi kidogo, mfuko wa takataka uko juu ya dawati bovu. Walianza watatu, wakafika kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Chiriku. Mke wangu alijua. Mimi sikujua, na nilipomuuliza juzi kwa nini alinificha, alinijibu bila kupepesa macho: "Ungejua ungemkataza. Halafu ungelitangaza."

Nikamgeukia Chiriku. Mwanangu, nani alikutuma kule? Akasema, "Hakuna. Nilikuwa naogopa mtu atanipa tena kitu kingine nisome mbele za watu."

Tumezika juzi. Mwalimu mkuu alikuja na suruali yake ile ile. Alizungumza robo saa. Alisema shule imepoteza nguzo, imepoteza taa, imepoteza mama. Alitaja watoto aliowafundisha kusoma. Macho makavu! Mwalimu aliyemfungia stoo ndiye aliyekuwa anajisifu naye pale kaburini. Na siyo yeye peke yake aliyenikirihi, kwa sababu pembeni yangu wazazi walewale tuliotia sahihi tulikuwa tunaitikia kwa vichwa, tumevaa nguo nyeusi.

Kisha akamkabidhi dada yake barua ya rambirambi, kwa mikono miwili, mpiga picha akiwa tayari. Dada mtu alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akaangaza macho, akamwona Chiriku. "Njoo mjukuu wangu, nisomee."

Mguu wangu ulisogea wenyewe nikaichukue mimi ile barua. Mke wangu akanishika mkono.

Chiriku akaifungua. Hakuwa ameiona kabla. Hakuna mtu aliyemsomea kwanza. Akaanza, polepole, kidole chini ya mstari. "Uongozi wa shule... umepokea kwa ma-ji-o-nzi." Akasimama, akarudia. "Kwa majonzi." Akaendelea. Akaifikia "kunyweshwa elimu", ile nyw, akaivuka. Mstari kwa mstari, mpaka sahihi ya mwalimu mkuu. Mimi nalia kama mtoto mdogo, wala sioni haya kuwaambia. Halafu akashuka chini ya sahihi, kwa sababu alifundishwa kusoma kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi.

"A-me-fa-u-lu," akasoma. "A-o-nge-ze bi-di-i."

Ninayo hapa, wasikilizaji wapendwa. Wino wa zambarau. Siku barua ilipoandikwa walikuwa wanagonga ripoti za kufunga muhula, na barua ya marehemu ikapita mezani pamoja na ripoti. Ko! Hakuna aliyetazama. Amefaulu, aongeze bidii. Yuko kaburini, aongeze bidii!

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akakimeza kicheko. Dada yake akauliza, "Hilo la mwisho umelisoma vizuri, mjukuu wangu?" Chiriku akasema, "Ndiyo bibi, limeandikwa hapa." Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kuitaka barua. Dada mtu akaikunja mara mbili, akaitia kifuani.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa dada wa marehemu, kwa familia yote, na kwa wale watoto kumi na mmoja wa stoo ambao shule ikifunguliwa wataukuta mlango umefungwa. Mwalimu wetu apumzike kwa amani.

Nyinyi wengine, leo kipindi kikiisha, msichukue kitabu cha shule. Chukueni boksi lolote jikoni, mpeni mtoto wenu. Akisoma, mshukuruni mwalimu wake kwa jina. Asiposoma msimpige, msimcheke. Mwambieni bado, kisha mkae naye chini.

Na mimi? Jana nilikwenda kwa fundi cherehani. Nilimwambia kila kitu, turubai, kipaza sauti, sahihi yenye mkia. Nikamwomba anisamehe kwa niaba ya mdogo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitoa ile barua akanipa. "Kawasomee watu wako," akasema. Nikauliza tena: dada, umenisamehe?

Akarudi kwenye cherehani yake, akatia uzi kwenye sindano.

"Bado, baba Chiriku," akasema. "Bado."