Kumi na Nusu ya Yunusu

Kijiwe cha pancha, hapa Lindi mjini, hakimo kwenye ramani yoyote, lakini ukimuuliza mtu karibu na soko la samaki atakunyooshea kidole. Ni benchi mbili zinazotazamana mbele ya kibanda cha fundi pancha, na katikati yake jiko la mkaa la Mzee Likwata muuza kahawa. Watu wa pale wana dawa ya kila kitu, tangu bei ya korosho mpaka vita vya mataifa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumponya kuku. Kila siku saa kumi na nusu jioni hufika Yunusu, waliyembandika jina la Ratiba, akakaa nao mpaka adhana ya magharibi. Leo ilikuwa siku yake ya hamsini na tatu tangu aache gongo. Saa kumi na moja ilishapita na robo yake juu, Yunusu hajaonekana, na Pazi, mmoja wa watu wa benchi, kikombe kilikuwa kimempoa mkononi.

— Mzee Likwata, saa ngapi?

— Umeniuliza sasa hivi. Saa siyo kuku, haitagi kwa kutazamwa.

— Kachelewa, huyu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Ismael, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio kwa sababu hazimiki. Mwache achelewe, apate baraka zake.

Pazi hakucheka. Alikumbuka jinsi Yunusu alivyowaeleza siku ya kwanza, bila kuficha. Alfajiri anaswali, kisha anafagia uwanja wa msikiti. Saa mbili yuko sokoni anakwangua samaki magamba. Saa nane analala, saa kumi anaoga. “Hizo zote naziweza,” aliwaambia. “Hii ya kumi na nusu ndiyo inanitoa roho, maana ndiyo niliyokuwa naendea kilabuni. Nishikieni hii moja tu, ndugu zangu.” Wakaitikia kwa kelele, tumeishika! Kwa kuitikia, kijiwe hiki hakina mpinzani.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, alianza Valerian, yule wanayemwita Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya sekondari miaka minne. Tatizo ni ini. Ini lina saa yake. Ukilizoesha gongo saa kumi na nusu, halafu ukalimiminia kahawa saa ile ile, linajiona limetukanwa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki anaingiaje?

— Ini ni nyama, samaki ni nyama. Angekuwa anakunywa supu ya pweza saa tisa, likalala. Likiamka limechelewa, kilabu limeshakisahau.

— Profesa, acha zako, alidakia Redio. Jamaa kapata kazi. Kule Songo Songo, kwenye gesi, wanatafuta watu wasiokunywa. Wanakunusa mdomo kwa mashine. Wamemnusa, wamemkuta msafi siku hamsini na mbili, wamempakia kwenye boti. Sasa hivi kavaa kofia ngumu, sisi tupo hapa tunamlilia.

— Angeaga.

— Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Pazi. Ukishavaa kofia ngumu unamuaga nani?

Mzee Likwata alipepea mkaa taratibu. Yeye huwa wa mwisho kusema, na huwa wa kwanza kupotea njia.

— Nyie watoto hamjui. Gongo lina jini lake. Na jini ni mvivu, hatafuti mtu, anangoja. Sasa wewe kila siku alfajiri uko pale, saa mbili uko pale, kumi na nusu uko hapa. Si umemwandikia barua? Mtu akiacha pombe asiwe na ratiba kabisa! Leo ale mchana, kesho ale usiku wa manane. Aoge Jumanne, asioge mpaka Jumapili. Jini amtafute mpaka achoke, arudi kwao.

— Mzee, hiyo si ndiyo ilikuwa hali yake alipokuwa mlevi?

— Ndiyo. Na ulimwona jini?

Wakacheka wote, ila Pazi. Kicheko kile kilimkwaruza, kwa kuwa ndicho kile kile cha jana, na cha jana alikianzisha yeye.

Pazi ni Mmwera na Yunusu ni Mngindo, watani wa jadi. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani akaondoka nayo, na wewe kazi yako ni kucheka. Jana Pazi alikuja na chupa ndogo aliyoiokota nyuma ya kilabu, akaijaza maji ya bomba, akaisimamisha mbele ya Yunusu. “Mtani, hii hapa hitima yako. Unywe tukuzike.” Benchi zote mbili zikaangua kicheko. Yunusu naye akacheka, maana mtani hanuniwi. Lakini chupa haikusuuzwa vizuri. Harufu ilikuwamo, na Pazi aliona pua ya mwenzake ilivyotanuka, kisha akageuza uso upesi mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Aliondoka kabla ya adhana. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

— Mnadhani ni ile chupa ya jana? aliuliza Pazi, sauti ikiwa chini.

— Chupa gani? Ile ya maji? Profesa alitikisa kichwa. Utani haujawahi kuua mtu.

— Aliondoka mapema.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Redio. Kwanza hata sokoni leo hakufika.

Pazi aliweka kikombe chini.

— Umesemaje?

— Nilipita saa tano. Kisu chake kipo, kigoda kipo, mwenyewe hayupo. Akina mama wanamuulizia.

— Toka saa tano unajua, na umekaa hapa unatuambia habari za kofia ngumu?

— Hamkuniuliza!

Mtu asiyezimika mchana kutwa, na habari moja ya kweli aliyokuwa nayo aliikalia. Pazi alimtazama akatamani kumzaba kibao, kisha akajiona na yeye hana tofauti. Dakika arobaini na tano nzima alikuwa anauliza saa, kana kwamba saa ndiyo iliyopotea. Kichwani alimwona Yunusu amelala mtaroni, kisha akamwona chumbani peke yake, anapigana, na mlango umefungwa. Hakujua ipi ni mbaya zaidi.

— Mpigie simu.

— Simu gani? Aliiuza zamani, akainywa.

Pazi alisimama, akapiga mluzi. Abilahi, dereva wa bodaboda wa kona ya pili, aligeuza pikipiki akaja, mtu mpole asiyekaaga kijiweni kwa kuwa kahawa humpa kiungulia.

— Shikamoo, Mzee Likwata.

— Marahaba, mwanangu. Mkimbize huyu kwa Yunusu.

— Ratiba? Anaumwa?

— Hatujui, alisema Pazi, akarukia nyuma. Wahi tu, mwanangu, wahi!

Abilahi alikanyaga gia, akageuza shingo.

— Haya, wapi?

Pazi aligeukia benchi, akawatazama wenzake.

— Si kule Rahaleo, alisema Redio.

— Alihama, alisema Profesa. Alipoacha tu. Jirani yake alikuwa anapika gongo, akasema hawezi kulala na harufu ile.

— Tulimpongeza, alikumbuka Mzee Likwata. Tukamnunulia na kashata.

— Akahamia wapi?

Redio alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Mzee Likwata, na mzee akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

— Jamani, alisema Abilahi kwa upole, mtu mnayekunywa naye kahawa kila siku?

Pazi alibaki juu ya pikipiki inayonguruma, mikono imekamata mabega ya Abilahi, asijue amwambie akunje kulia au kushoto.